SciPy kwenye kugeuza faili za mtetemo kutoka analaiza moja kwenda nyingine: mrejesho wangu baada ya mwaka na nusu

Wakuu habari zenu. Leo naleta mrejesho wa hii kitu inaitwa SciPy, maktaba ya bure ya lugha ya Python, ila siiongelei yote maana ni pana sana, naongelea kile kipande chake kinachoitwa scipy.signal na namna nilivyokitumia kugeuza faili za vipimo vya mtetemo na kubadili kasi ya sampuli (yaani kifaa kinasoma mtetemo mara ngapi kwa sekunde) ili faili iliyorekodiwa na analaiza moja, kile kifaa cha kupima na kurekodi mtetemo, isomeke vizuri kwenye analaiza nyingine. Kama shughuli zako ni mota, feni, pampu, giaboksi na vinu, naomba uisome yote, maana kuna kosa moja hapa lilitufanya tusimamishe kinu kizima bila sababu na bado naliona watu wanalifanya mpaka leo.

Mi nafanya vipimo vya mtetemo kwa kandarasi, leo kiwanda hiki kesho kile, na kila sehemu unayofika unakuta kifaa tofauti. Kuna kinachorekodi sampuli 65,536 kwa sekunde, kuna cha 51,200, kuna cha kuungaunga kimejengwa juu ya kadi ya sauti hicho kinatoa 48,000. Hizo namba hazikuokotwa tu, 51,200 ni 20,000 (frikwensi ya juu kabisa unayosoma) mara 2.56, na 65,536 ni 25,600 mara 2.56, ndo utaratibu wa analaiza za mtetemo toka zamani, ukichukua sampuli 2048 unapata mistari 800 ya spektra (grafu inayoonesha ukubwa wa mtetemo kwa kila frikwensi) na zinazobaki juu ya hapo zinatupwa kwa sababu filta ya ndani, inayozuia frikwensi za juu, inakua bado haijamaliza kukata. Sasa mteja anakwambia ripoti zangu za miaka yote ziko kwenye programu fulani na hiyo programu inakubali 51,200 tu au inakubali fomati moja tu, na wewe faili lako ni la 65,536. Hapo ndo kazi inapoanza.

Kabla ya kusifia chochote niwaeleze kilichonileta huku. Kulikua na kinu kimoja kina giaboksi la hatua moja, pinioni (gia ndogo) ina meno 23, gia kubwa ina meno 175, mota inazunguka 1485 kwa dakika, yaani 24.75 Hz (mara 24.75 kwa sekunde). Piga hesabu, meno yanakutana mara 569.25 kwa sekunde, na shafti ya polepole inazunguka 3.25 Hz hivi, ambayo ni mizunguko 195 kwa dakika. Kandarasi aliyenitangulia alirekodi kwa 51,200 vizuri kabisa, ila akamkabidhi mteja CSV (faili la maandishi, kila sampuli na mstari wake) ya 5,120 akasema amelipunguza ili liwe jepesi, na mimi nikapewa hilo jepesi nilitafsiri.

Nikafungua spektra. Mstari wa 569.25 upo kama ilivyotegemewa, lakini pembeni yake kuna vistari viwili, 566 na 572.5, yaani saidibendi za 3.25 kila upande. Nikaenda kwenye mara mbili yake, 1138.5, nako saidibendi za 3.25. Mara tatu, hivohivo. Mara nne, hivohivo. Halafu chini kabisa kuna mstari wa 3.25 Hz wenyewe, ambao kwenye g, kipimo cha mchapuko, ulikua mdogo tu, 0.01, ila ukiintegreti (kugeuza mchapuko kua kasi) kupata milimita kwa sekunde unasoma 4.8. Fundi yeyote wa mtetemo akiona hivyo atakwambia gia ya shafti ya polepole ina jino limevunjika au limepasuka, ni picha ileile wanayotufundisha siku ya kwanza. Nami ndo nilichoandika.

Foremani wa mekanika, mzee wa miaka mingi pale, aliisoma ile ripoti kimya kisha akaniambia, "Mwanangu, hili giaboksi nalisikiliza kila asubuhi kabla ya chai. Jino likivunjika linagonga. Hili haligongi." Nikamjibu kwa heshima, "Nakuelewa mzee wangu, lakini vipimo ndo vinasema hivyo, tukiacha likamaliza na pinioni itakua hasara kubwa zaidi." Akakubali kwa shingo upande. Jumapili kinu kikasimama nusu shifti, tukafungua kifuniko cha ukaguzi, tukazungusha kwa mkono jino moja baada ya jingine, mzee ameshika tochi mi napaka rangi ya bluu kuangalia meno yanavyogusana. Meno yote 175, mazima. Mguso mzuri mwanzo mpaka mwisho. Mzee hakusema kitu, alifunga tu kifuniko, na mi kile kimya chake kiliniuma kuliko kama angenigombeza.

Ikabidi niombe faili la awali, la 51,200, likaja baada ya wiki mbili kwenye flashi. Nikalifungua, saidibendi hamna. Ule mstari wa 3.25 nao haupo, badala yake kuna mstari mdogo uko 5123.25. Nikaanza kukokotoa kwenye karatasi na hapo nikaelewa kila kitu. Mara tisa ya 569.25 ni 5123.25. Toa 5120. Inabaki 3.25. Mara nane ni 4554, toa kwenye 5120 inabaki 566. Mara kumi ni 5692.5, toa 5120 inabaki 572.5. Mara saba inaangukia 1135.25 na mara kumi na moja inaangukia 1141.75, moja kila upande wa 1138.5. Yaani zile frikwensi za juu za meno, ambazo ni za kawaida kabisa kwenye giaboksi zima, zilikunjwa zikaja kukaa palepale ambapo saidibendi za jino bovu zingekaa. Na kule chini ndo kubaya zaidi, kwa sababu kuintegreti ni kugawa kwa frikwensi, 0.01 g kwenye 5123 Hz ni 0.003 tu milimita kwa sekunde, lakini ikidanganya kua iko 3.25 Hz inageuka 4.8.

Ilitokeaje? Yule ndugu alipunguza kwa kuchukua kila mstari wa kumi kwenye CSV. Basi. Hakupitisha filta. Wote tuliowahi kutumia taa ya strobo tunalijua hili jambo kwa macho, ukiimulika kapling inayozunguka 1485 na taa inayowaka 1485 unaiona imesimama kabisa, kumbe ukipeleka mkono inakukata. Ukichukua sampuli chache mno ndo unaifanyia hivyo data yako, kitu kinachoenda kasi kinaonekana kinaenda polepole, ndo wanaita aliasingi. Analaiza yenyewe ikiwa inarekodi haikupi hilo tatizo kwa sababu ina filta yake ndani kabla na baada ya kubadili umeme kua namba, na ndo maana watu wanajiachia, wanadhani ile kinga inakwenda na faili popote. Haiendi. Ukipunguza mwenyewe kwenye kompyuta, filta ni jukumu lako.

Sasa ndo SciPy inapoingia. Ina njia tatu za kubadili kasi ya sampuli na watu wanazichanganya, kwa hiyo nizieleze nilivyoziona mi.

Ya kwanza ni decimate. Hii inapunguza kwa namba nzima tu, mara 2, mara 5, mara 10, na inaweka filta yenyewe kabla ya kutupa sampuli, usipoiambia kitu inatumia ya Chebyshev ya daraja la 8 na inaipitisha mbele na nyuma ili faza (nafasi ya wimbi kwenye muda) isihame. Kwa ile kesi yangu ya 51,200 kwenda 5,120 ingetosha kabisa. Wenyewe wanashauri ukipunguza zaidi ya mara 13 uifanye kwa awamu, na nimeona ni ushauri wa kweli, mara 100 kwa mkupuo mmoja iliniharibikia, nikifanya 10 halafu 10 inatulia. Shida yake ni hiyo ya namba nzima, kutoka 65,536 kwenda 51,200 haiwezi.

Ya pili ni resample, inayotumia FFT (hesabu ya kugeuza data ya muda kua spektra). Hii ina sifa mtandaoni na ukiijaribu kwa sainwevu inatoa majibu safi mpaka unashangaa. Ila inachukulia kwamba mwisho wa rekodi yako unaungana na mwanzo wake kama duara. Kwa mashine inayozunguka muda wote sio mbaya sana, ila niliitumia kwenye kipimo cha kugonga kwa nyundo, rekodi imeanza kwenye sifuri ikaishia pengine kidogo juu ya sifuri kwa sababu senso ilikua inapoa, nikaona mawimbi madogo madogo yamejitokeza mwanzoni kabla ya nyundo haijagusa chuma. Hapo niliiacha kwa kazi za kugonga, na sijairudia.

Ya tatu ndo kipenzi changu, resample_poly. Unaipa namba mbili, ya kuzidisha na ya kugawa, inafanya yote na filta katikati. 65,536 kwenda 51,200 ni 25 juu ya 32, kamili, hakuna kukadiria. 48,000 kwenda 51,200 ni 16 juu ya 15. Ile ya 44,100 ndo inakua ndefu, 512 juu ya 441, lakini nayo inakubali bila lawama. Faza haihami, kitu ambacho kwangu ni lazima kwa sababu mara nyingi nalinganisha chaneli mbili, wima na mlalo, faza ikihama kwenye moja na nyingine haikuhama nitasoma ulegevu wa msingi ambao haupo.

Nilivyoijaribu: nilitengeneza mawimbi mawili ya bandia, 1 g kwenye 569.25 na 0.01 g kwenye 5123.25, kwa 51,200, nikayapunguza njia zote. Kwa kuchukua kila sampuli ya kumi, mstari wa uongo wa 3.25 ulitoka na 0.01 yake yote, haijapungua hata chembe. Kwa resample_poly bila kuigusa chochote, ulizama chini kabisa usiuone kwenye grafu ya kawaida. Naomba kila mmoja wenu afanye hili jaribio kwenye programu anayoitumia, hata kama aliinunua kwa mamilioni, ni dakika kumi tu na utajua kama inakukinga au haikukingi.

Ila sio kwamba haina kasoro, na hapa ndo pa kusoma taratibu. Filta inayokuja nayo ni dirisha la Kaiser (umbo la kihesabu linaloamua filta inakata kiasi gani) la 5.0, ambayo kimahesabu inakukatia karibu desibeli 54, yaani kitu cha juu kinabaki kama moja ya mia tano. Kwa giaboksi lenye kelele nyingi inatosha, ila kwa beringi inayoanza kuharibika ambayo dalili zake ni ndogo mno na vifaa vya saivi ni vya biti 24, mi naona haitoshi. Nzuri ni kwamba wanakuruhusu uweke ya kwako. Mi natumia hii (firwin ndo inatengeneza filta), kwa kupunguza mara kumi kutoka 51,200:

h = firwin(301, 2560, window=('kaiser', 9), fs=51200)
y = resample_poly(x, 1, 10, window=h)

Hiyo inakata desibeli 90 hivi. Watu wataniuliza mbona nimekata kwenye 2560 ambayo ni nusu kamili ya kasi mpya, si ndo palepale pa hatari? Jibu ni ile 2.56. Kwa 5,120 sisi tunasoma spektra mpaka 2000 tu. Kitu kilichoko kati ya 2560 na 3120 kikikunjwa kinaangukia kati ya 2560 na 2000, ambako hatuangalii. Kwa hiyo filta ina nafasi ya kushuka kuanzia 2000 mpaka 3120, na katikati ya hapo ni 2560. Ukiijua hiyo huhitaji filta kali kama ukuta, na filta isiyo kali sana haileti mawimbi ya ziada kwenye migongano ya ghafla. Ila kama unayempelekea data anasoma mpaka mwisho wa spektra, hiyo sio yako, sogeza chini.

Kasoro ya pili ni kingo. Inachukulia nje ya rekodi kuna sifuri. Kwa akselerometa haina shida, ila niliipa data ya proksimita probu, zile zinazoangalia shafti kwenye tabini, ambazo zinakaa na volti hasi 10 hivi muda wote, nikaona mwanzoni na mwishoni mstari umepanda kama kuna mtu kagonga. Dawa yake ipo ndani humohumo, unaandika padtype='mean', au unatoa wastani kwanza halafu unaurudisha. Mi napenda kutoa wastani na kuuandika pembeni, maana ile volti ndo inakwambia shafti imekaa wapi na sitaki ipotee.

Na chaneli ya takometa (kipima mizunguko), jamani, msiipitishe humu. Takometa ni mapigo, linapanda na kushuka mara moja, ukilipitisha kwenye filta linakua na mawimbi kila upande na ukihesabu mizunguko unapata pigo mbili pale palipokua na moja. Mi natafuta muda wa kila pigo kwenye faili la awali la kasi kubwa, naandika orodha ya muda, naipeleka hiyo orodha na data iliyopunguzwa. Muda ni muda, haubadiliki na kasi ya sampuli.

Upande wa fomati SciPy peke yake haikusaidii sana, katika zinazotuhusu inasoma WAV (faili za sauti) na MAT za kawaida (za MATLAB) basi, nyingine unatafuta pembeni. Kwa TDMS, fomati ya faili za National Instruments, natumia maktaba ya npTDMS na sina malalamiko, inasoma na sifa za chaneli, ikiwemo wf_increment ambayo ni muda kati ya sampuli na sampuli. Isome hiyo, usiamini alichoandika mtu kwenye karatasi. Kadi ya NI 9234 kwa mfano saa yake ya ndani inagawika kwa namba nzima tu, inatoa 51,200, 25,600, 12,800 na kadhalika, ukiiomba 10,000 inakupa 10,240. Sio kosa la kadi, imeandikwa wazi na driva inakurudishia kasi halisi, ila nimeshakuta faili limeandikwa 10,000 kwa mkono na mota ya 1485 inasomeka 1450, na watu wanabishana kuhusu mzigo wa mota wakati tatizo ni namba moja kwenye kichwa cha faili. Jingine, faili la dakika 10, chaneli nne, 51,200, ukilisoma kwa usahihi wa kawaida wa Python linakaribia gigabaiti 1 kwenye ram. Laptopu yangu ya gigabaiti 8 iliganda mara ya kwanza. Tumia TdmsFile.open usome chaneli moja moja, usitumie read kwa mafaili makubwa.

Kwa UFF, ile fomati ya miaka mingi ambayo karibu kila analaiza inaikubali, natumia pyuff kutoka Chuo Kikuu cha Ljubljana kule Slovenia. Nzuri, nyepesi, inaandika aina ya 58 ambayo ndo ya data za muda. Lakini hapa kuna kitu kilinisumbua siku tatu. Fomati yenyewe inaandika muda kati ya sampuli kwa tarakimu sita tu. Kwa 51,200 muda halisi ni 1.953125E-05, kwenye faili inaandikwa 1.95313E-05, ukirudisha kua kasi unapata 51,199.87. Skripti yangu ikawa inajitahidi kutafuta sehemu ya 5120 juu ya 51,199.87, ikapata namba kubwa za ajabu, ikatengeneza filta ya mamilioni ya pointi na laptopu ikawa inaunguruma tu. Niliihangaikia kweli mpaka nilipoiprinti ile namba. Saivi nikisoma UFF naangalia kasi iliyo karibu kwenye orodha ya zinazojulikana, 51,200, 65,536, 48,000, na kama tofauti ni chini ya sehemu kumi kwa milioni nairudisha kwenye halisi. Na pia UFF haikulindi na vipimo, kama data iko kwenye g na anayepokea anategemea mita kwa sekunde mraba, atasoma mtetemo mdogo karibu mara kumi kuliko ulivyo na mashine mbovu itaonekana nzima. Zidisha 9.80665 mwenyewe, kisha weka seti ya 164, ile sehemu ya faili inayotaja vipimo, inayosema ni SI.

Nilijaribu pia SoX, programu ya zamani ya sauti, toleo la 14.4.2 la 2015, kwa sababu vifaa vingine vinatoa WAV. Kwa kubadili kasi ya sampuli peke yake naomba niseme ukweli, ni bora kuliko mipangilio ya kawaida ya SciPy, ukiandika rate -v inakata desibeli 175. Amri moja imekwisha, hujaandika skripti. Ila ilitengenezwa kwa ajili ya sauti. Ndani inafanya kazi kwa namba nzima za biti 32, kila kinachozidi 1 kinakatwa, kwa hiyo ukiipa WAV ya desimali yenye mita kwa sekunde mraba, vilele vyote vinakua bapa kama vimepigwa pasi. Inakuonya kwenye skrini kwamba imekata sampuli kadhaa, soma hilo onyo. Na ukiteremsha biti inaongeza kelele kidogo makusudi, kitu kizuri kwa muziki, kwa vipimo andika -D kuizima. Na WAV ya kawaida inaishia gigabaiti 4, chaneli nne za biti 24 kwa 51,200 ni kama saa moja na dakika 56 tu, ukirekodi kinu usiku kucha inakatika katikati.

Bei ya SciPy ni sifuri, leseni yake inaruhusu kutumia hata kibiashara, unahitaji bando la kudaunlodi mara moja tu halafu unafanya kazi bila intaneti hata ukiwa ndani ya kiwanda ambako simu wanazizuia getini. Programu za watengenezaji wa analaiza zinafanya mengi zaidi na zina ripoti nzuri, sizikatai, ila nyingi zinataka kifaa cha leseni cha kuchomeka USB, na siku kikipotea au kikiharibika huna kazi. Wanaosema SciPy inahitaji kujua kuandika kodi wanasema kweli, fundi ambaye hajawahi kugusa Python atahitaji wiki kadhaa za kuumia, mi zilinichukua kama mbili na kijana mmoja wa IT alinishika mkono. Na hakuna mtu wa kumpigia simu ukikwama.

Kitu kingine ambacho hakuna programu itakusaidia: kama kifaa kilihifadhi spektra tu bila data ya muda, huwezi kubadili kasi ya sampuli, hakuna sampuli. Na kupandisha kutoka 51,200 kwenda 65,536 hakukupi frikwensi mpya, bado unaona mpaka 20,000 tu, nafasi iliyoongezeka ni tupu. Kuna mteja alitaka nimpandishie ili aone dalili za beringi kwenye frikwensi za juu zaidi, ilibidi nimwambie dada yangu hapo tunarudi site kupima upya.

Naipa SciPy nyota nne kati ya tano, ya tano nimeinyima kwa sababu ya zile sifuri za kwenye kingo na filta ya 54, vitu ambavyo mgeni hawezi kuvijua mpaka vimuumize. pyuff nyota nne, npTDMS tano, SoX tatu kwa kazi hii yetu.

Kuhusu lile giaboksi, baada ya kupata majibu nilirudi pale na laptopu, nikamwita yule mzee tukakaa ofisini kwake nikamwonesha grafu mbili, ya kila mstari wa kumi na ya resample_poly, pembeni kwa pembeni. Aliangalia muda mrefu, akaweka kidole kwenye ule mstari wa 3.25 akauliza, "Kwa hiyo hiki hakikuwepo?" Nikamwambia hakikuwepo mzee. Akasema basi kuanzia leo anayekuja kupima hapa aache faili zima, lile zito, kwenye kompyuta ya kiwanda kabla hajatoka getini. Na kweli, juzi nimeenda nimekuta wameshanunua diski ya terabaiti 2 kwa kazi hiyo tu, imeandikwa kwa maka peni DATA GHAFI USIFUTE.